Sigara ya Babu Matonya

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare, Priska alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchemsha chai, na kumwashia babu yake sigara. Mzee Matonya alipigwa na kiharusi mwaka juzi, na tangu hapo mikono yake ilitetemeka, hata kijiti cha kiberiti hakikushikika. Basi Priska aliigusisha sigara kwenye kaa la jiko, akavuta mara mbili tatu mpaka ishike, kisha akampelekea kwa mikono miwili huku amepiga goti.

"Mjukuu wangu una adabu," babu alimwambia. "Watoto wa hapa Chang'ombe ukiwatuma wanakimbia."

Mama yake, Yudith, aliyaona hayo kila siku, wala hakusema neno. Angesema nini, na yeye mwenyewe utotoni kule Mvumi alimwashia baba yake huyo huyo? Priska alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na alikuwa anakohoa. Siku ambazo babu alichelewa kuamka, Priska kichwa kilimuuma na hasira zikampanda bila sababu. Aliona ni uchovu tu.

Muhula ule shule yao ilipata fedha za serikali za mradi wa kuzuia matumizi ya tumbaku. Fulana za kijani zikaletwa, mabango yakachorwa, klabu ya afya ikaundwa, na Priska akachaguliwa kuongoza ngonjera kwa sababu ya sauti yake. Mlezi wa klabu alikuwa Mwalimu Castory. Huyu bwana alijitia kichwani kwamba shule ikikutwa na hata mtoto mmoja aliyegusa sigara, fedha zitarudishwa. Nani alimwambia? Hakuna! Alijitungia mwenyewe, akauamini uongo wake.

Wiki moja kabla ya afisa afya kuja kukagua mradi, aliwakusanya wanaklabu.

"Nani amewahi kuweka sigara mdomoni? Semeni ukweli, sitamchapa mtu."

Priska akanyoosha mkono. "Mimi, mwalimu. Huwa namwashia babu asubuhi."

Mwalimu kweli hakumchapa. Jamani, heri angemchapa! Alimnyang'anya fulana, akampa Angelina, rafiki yake Priska. Kesho yake akamsimamisha mstarini mbele ya shule nzima, shingoni kadibodi imeandikwa MVUTAJI. Watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. Angelina, ambaye kila mapumziko walikula mihogo pamoja, akaziba pua.

"Uwii! Tusogee jamani, tutanuka!"

Kadibodi hiyo aliivaa siku tatu. Siku ya pili mtoto wa darasa la kwanza, kadogo tu, alimtemea mate, na mwalimu wa zamu akajifanya anatazama pengine. Priska aliona aibu mpaka akatamani kufa. Nyumbani hakusema kitu. Aliwasha sigara, akapiga goti, akasifiwa.

Siku ya ukaguzi wazazi nao walialikwa, Yudith akaja na Mzee Matonya. Mwalimu Castory alimfungia Priska stoo, pamoja na majembe na mafagio, na kumwonya asithubutu kutoa sauti. Stoo ilipakana na uwanja, kwa hiyo alisikia yote.

Afisa afya, Bi Anifa, alifungua taarifa ya shule. "Watoto wanaohitaji msaada: hakuna. Hakuna kabisa, mwalimu?"

"Hakuna, mheshimiwa. Shule yetu ni safi."

"Basi fedha hizi tuzipeleke kwingine. Sehemu kubwa ni ya muuguzi wa kuwasaidia watoto waliokwisha kuzoea moshi, na kuwahimiza wazee wao waache kuvuta. Zipo shule zinasubiri."

Mle stoo Priska alikuwa amekaa juu ya debe. Tusidanganyane, wazo lilimjia: nyamaza, wakose wote, Angelina na fulana yake na yule wa mate. Walistahili! Lakini kikohozi kikambana kifua, akakumbuka kwamba muuguzi huyo alikuwa wake yeye. Akaupiga mlango kwa ngumi.

"Nipo mimi! Mimi nahitaji! Nifungulieni!"

Mlango ulipofunguliwa alitoka na vumbi kichwani, anakohoa. Bi Anifa akamuuliza nani amemfungia.

"Mwalimu. Kila asubuhi naweka sigara mdomoni kumwashia babu. Nisipoiweka, kichwa kinaniuma."

"Wako wengine?" Bi Anifa aliwauliza wanafunzi. "Leo hakuna atakayeaibishwa mbele yangu."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Angelina, ndani ya fulana ya kijani. Yeye alimwashia mjomba wake. Ikafuata mikono ishirini na mitatu.

Fedha zilibaki. Muuguzi akaanza kuja kila Alhamisi. Mwalimu Castory alivuliwa ulezi wa klabu, akamwomba Priska radhi mstarini, palepale alipomdhalilisha.

Siku ile ile ya ukaguzi, palepale uwanjani, Mzee Matonya aliinuka kwa shida, Yudith amemshika. "Nimemlisha mtoto ugonjwa, nikaita adabu," alisema huku machozi yanamtoka. "Priska, nikikutuma tena, nikatalie. Hata nikikufokea, nikatalie."

Kesho yake asubuhi alimtuma. Priska akakataa. Mzee akafoka kwelikweli, akamwita mtoto aliyelaaniwa, akajaribu kuwasha mwenyewe, kaa likamuunguza vidole. Priska akatoka nje analia.

Yudith alimkuta mlangoni, akamfuta machozi kwa kanga. "Usirudi ndani. Jana ulisema ukweli ukijua watakucheka, leo umemkatalia unayempenda kwa sababu kitu hicho kinawaua nyote wawili. Kumheshimu mkubwa si kumsaidia ajidhuru. Mimi nilishindwa kumkatalia miaka yote. Nenda shule, mwanangu. Babu nitabaki naye mimi."