Vifuko vya Juisi Kwenye Mizani

Kila Jumamosi asubuhi, mimi na shangazi tulitenga taka za mtaa wetu: za majumbani huku, za madukani kule, kisha plastiki za kila kiwanda gunia lake. Shangazi alipima magunia, nami niliandika uzito daftarini. Baada ya wiki nne, halmashauri ingetumia daftari hilo kuamua viwanda vipi vilazimishwe kuzoa taka za bidhaa zao.

Mimi nilikuwa na kiwanda kimoja tu rohoni, kile cha juisi. Vifuko vyake vya plastiki viliziba mtaro, maji yakajaa chumbani kwa bibi, naye akalazwa wiki mbili kwa kichomi. Tulipokwenda kulalamika, meneja alicheka.

"Kwani mimi ndiye niliyevitupa?"

Niliapa kicheko kile kitamtokea puani.

Jumamosi ya mwisho, shangazi alipotoka kidogo, niliyamwagia maji magunia ya vifuko, ndoo baada ya ndoo. Mizani ikasoma kilo sitini. Nikaandika huku nikicheka peke yangu. Utanikoma!

Shangazi aliporudi, akainua gunia, maji yakamlowesha miguu.

"We mtoto! Nini hiki?"

"Nimemkomesha meneja, shangazi."

"Umemkomesha au umemwokoa? Jumatatu mkaguzi wa halmashauri anakuja kupima upya, na meneja atakuwepo. Wakiona maji humu, daftari lote linatupwa, na mtaro utaziba tena!"

Nikashika kifutio.

"Usifute. Kata mstari, andika ulichofanya, weka sahihi."

Niliandika huku machozi yakinidondoka. Jumapili kutwa tulivianika vifuko juani, jioni tukavipima upya na kuandika uzito wa kweli.

Jumatatu meneja aliuona ule mstari, akadakia, "Si mnaona? Waongo hawa!"

"Amekiri na kusahihisha," mkaguzi alisema. "Tupime."

Kilo thelathini na moja, kama daftari lilivyosema. Zaidi ya nusu ya plastiki yote ya mtaa ilikuwa yake. Meneja hakucheka tena.

Mwezi uliofuata, kwa amri ya halmashauri, alisimama mtaroni na mabuti, akiwasimamia wafanyakazi wake wakizoa vifuko. Nilimtolea bibi kiti nje ili aone vizuri. Moyo wangu ulitulia tuli.

"Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu," shangazi alisema. "Lakini uongo wako ungempa mlango wa kutokea. Aliyekukosea, mbane kwa yale aliyoyafanya kweli. Yanatosha."

Bibi akanyoosha mkongojo wake.

"Bwana meneja! Pale umeacha kimoja."

Meneja akainama, akakiokota.