Mlio Mmoja Kwenye Shimo la Murram

Wewe, ukiitwa jina mara moja tu na humwoni anayekuita, unaitika?

Huku Mitaboni mtoto hafiki darasa la pili kabla hajafunzwa jibu. Binadamu huita mara mbili. Aliyekufa huita mara moja. Laban aliambiwa hivyo na nyanyake Kamanthe, na kwa vile alikuwa mjuaji tangu utotoni, akauliza kwa nini.

"Kwa sababu hana pumzi ya mara ya pili," nyanya akasema, akaendelea kupepeta ndengu.

Laban akakua, akasoma, akapata degree ya jiomatiki, yaani kupima ardhi na kuchora ramani. Second class upper, tafadhali, si ya kuokota. Na nchi ikamshukuru vipi? Miaka minne sasa yuko nyumbani, vyeti vimelala kwenye bahasha ya khaki chini ya godoro, na watu wa boda boda wakimwona wanamwita "engineer" huku wakicheka.

Jumamosi hiyo ilianza vizuri. Saa nne asubuhi, jua zuri, ndengu zimeanikwa uani, dadake Winfred anapaka mnyororo wa baiskeli mafuta. Winfred ndiye tumaini la boma lile. Timu moja ya baiskeli ya Athi River ilikuwa imempa majaribio: aendeshe kilomita arobaini za milima, GPS irekodi kila mita, na rekodi ifike kwao kabla ya jioni. Wakamtumia kifaa chenyewe, kile kidogo cha kufungwa kwenye usukani. Ndani yake kulikuwa na ramani ya Ulaya.

"Engineer," Winfred akasema, "hii kitu inadhani niko Ubelgiji."

"Leta hapa. Wacha degree ifanye kazi hata siku moja."

"Bora isigraduate nayo ikae nyumbani."

"Ai! Wewe na huo mdomo."

Laban akapakua ramani huria, ile inayochorwa bure na watu wa kawaida dunia nzima. Yeye mwenyewe alikuwa ameichorea Mitaboni yote akiwa second year: soko, kanisa, vijia vyote hadi vya mbuzi. Akachomeka waya, kifaa kikafunguka kwenye laptop kama flash disk, akaipa faili jina jipya ili isifute ile ya zamani, akaibandika kwenye folda ya ramani. Kisha akazima Ubelgiji, akawasha Kenya.

"Ona," akasema. "Free. Hakuna tender, hakuna kitu kidogo."

Skrini ikaonyesha soko. Kanisa. Boma lao. Laban akatabasamu, halafu tabasamu likaganda.

Nyuma ya shule kulikuwa na kijia kilichokata shimo la murram katikati.

Kijia hicho alikichora yeye, zamani, wakati kilikuwa kijia kweli na watoto walikipita kwenda shule. Kisha mkandarasi wa barabara akaja na matingatinga, akachimba murram, ule udongo wa kokoto wa kujengea barabara, papo hapo kwenye njia ya watu, akapiga picha za uzinduzi, akaenda zake. Shimo likabaki wazi. Mvua za Novemba zikalijaza. Asubuhi moja ya ukungu, Mwelu, binti wa jirani, miaka tisa, alishika njia aliyoizoea. Ripoti ya mradi ikasema hakuna madhara kwa umma. Hakuna madhara! Kwani mtoto ni nini, ni kokoto? Wiki ya mazishi, Laban alikifuta kile kijia kwenye ramani kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa kimerudi, na kimeandikwa jina kwa Kikamba: Nzia ya Mwelu, yaani njia ya Mwelu.

Akafungua historia kwenye laptop. Ramani huria haifichi kitu, inaweka nani alichora na lini. Kijia kilichorwa siku mbili zilizopita, alfajiri, saa ya watoto kwenda shule. Mahali pa jina la mchoraji palikuwa patupu. Haiwezekani. Mfumo haukubali patupu.

Akakifuta. Akafungua ukurasa upya.

Kipo.

Akakifuta tena. Kipo. Na sasa kimesogea kidogo upande wa boma lao.

"Winnie, usitoke na hiyo..."

Waya ulikuwa unaning'inia mezani peke yake. Lango lilikuwa wazi.

Akapiga simu. Ikatetemeka uani, juu ya ndengu.

Laban akakimbia. Alijiambia Winfred analijua shimo, wote wanalijua, hakuna mtu wa huku anayeweza kuingia pale kwa bahati mbaya. Akapita shule. Jua lilikuwa utosini. Hakuna ndege aliyelia. Hakuna mbuzi. Alama ya tairi ilikuwa imenyooka mbele yake kwenye vumbi, bila kuyumba. Bila breki.

Baiskeli ilikuwa imelala ukingoni. Gurudumu bado linazunguka.

Winfred alikuwa ndani ya maji. Kiunoni. Amekishika kifaa kwa mikono miwili, uso umeelekea katikati.

"Winnie!"

Hakugeuka. Akapiga hatua. Maji yakafika kifuani.

Ndipo Laban akakumbuka ndengu, na ungo, na nyanya.

"Winnie! Winnie!"

Dada akageuka. Taratibu, kama mtu aliyeamshwa.

Laban akamvuta hadi kwenye nyasi. Winfred alikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Kwenye kona hiki kifaa hulia mara mbili," akanong'ona. "Bip-bip. Hapa kikalia mara moja tu."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaitika, Laban. Nikasema, nakuja."

Wakarudi kwa miguu. Laban akazima kifaa, akakitia mfukoni, akasukuma baiskeli. Ile nafasi ya Athi River ikapewa mtu mwingine.

Jioni alichomeka waya. Rekodi ilikuwa na mstari wa kutoka langoni hadi majini, kasi ya baiskeli. Halafu mstari wa pili. Ulitoka majini kurudi nyumbani, umeanza nusu saa baada yao, kifaa kikiwa kimezimwa. Mwendo wa mtoto. Unasimama shuleni dakika nne. Unaishia langoni.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, Nzia ya Mwelu kwenye ramani huongezeka mita chache. Wiki jana ilivuka lango. Laban ameacha kuifuta.

Kwa hivyo wewe mkandarasi, na wewe uliyetia sahihi kwamba kazi imekamilika, mnanisikia? Msitutumie kamati. Msitutumie mchungaji wa kuombea maji. Rudini na matingatinga yale yale, mchana, mama yake Mwelu akiona, mfukie hilo shimo. Halafu mchukue ile ripoti, mwandike jina la mtoto, na mlisome kwa sauti mkiwa mmesimama hapo ukingoni. Yeye ana pumzi ya mara moja tu. Nyinyi mwiteni mara mbili.