Majani ya Eliecer

Biri ya kwanza ilionekana Jumanne asubuhi, imesokotwa kinyume.

Mkaguzi wa kiwanda aliileta mwenyewe, kaishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya. "Nani kasokota hii? Doña Clara ni chapa ya miaka mia moja, matajiri wanafungua kisanduku wanataka mikunjo ya biri zote ielekee upande mmoja. Na humu hakuna mashoto tena!"

Nereida akainamisha kichwa. Mashoto alikuwa mwanawe, Eliecer, na Eliecer alikuwa na wiki sita makaburini. Homa ya mbu ilimmaliza kwa siku nne. Havana nzima inajua kwamba jani la nje la biri hupasuliwa katikati: nusu moja ya mkono wa kulia, nusu ya pili ya mashoto. Na Nereida, kila asubuhi, alikuwa bado anamchukulia mwanawe nusu zake stoo, anazipanga mezani pake, kisha ananong'ona, "Eliecer, kazi hiyo." Wenzake waliona, wakamwonea huruma, wakanyamaza. Huruma nyingine ni upumbavu tu. Humpi maiti kazi halafu ukashangaa akija kuifanya.

Kiwanda hakiachi meza wazi milele. Jumatano msimamizi akamkalisha pale Yaremis, msichana mwenye mimba ya miezi mitano na mdomo wa miezi tisa.

"Mama Nereida, meza ya mwanao inanuka udongo."

"Funga mdomo, fanya kazi."

"Nikifunga mdomo nitapumua na nini, na pua yenyewe imejaa udongo?"

Watu wakacheka. Hata msomaji, aliyekaa juu jukwaani akiwasomea gazeti huku wakisokota, alicheka.

Alhamisi hakucheka mtu. Msomaji alikuwa katikati ya habari za mavuno ya miwa pale mkono wa kushoto wa Yaremis, mkono ambao hata kijiko haukuwahi kushika, ulipookota jani, ukalinyoosha, ukasokota, ukaweka, ukaokota jingine, upesi upesi, na harufu ya udongo mbichi ikatambaa chini ya meza ikapanda magotini mwa watu, na msichana analia kwa sauti ndogo, "Niachie, tumbo linakaza, niachie," lakini mkono hausikii, unasokota tu huku kucha zinageuka bluu, mpaka kinywani mwake ikatoka sauti ya kiume ambayo kila mtu mle ndani aliijua:

"Mama, majani yameisha. Nipe mengine."

Wakamkimbilia Hortensia, mfagiaji, ambaye Jumapili hushughulika na wafu. Akaweka glasi ya maji mezani, akawasha biri, akampulizia msichana moshi utosini.

"Nani anampa kazi maiti huyu?"

"Mimi," Nereida akasema.

"Basi umwachishe wewe. Umkane. Akibaki mpaka jioni atahamia kwa huyo aliyemo tumboni."

"Ndiye pekee niliyemzaa, dada."

"Na huyu Yaremis, huyo wake ni wa ngapi?"

Nereida akapiga magoti. Akaushika ule mkono wa kucha za bluu, ukatulia kiganjani mwake.

"Mama, nimesokota vibaya? Nitarudia."

Hakuna aliyethubutu kumtazama yule mama usoni.

"Sikujui," akasema. "Mimi sijazaa. Toka."

"Mama, ni mimi Eliecer."

"Sina mtoto wa jina hilo. Toka!"

Mkono ukaanguka. Maji kwenye glasi yakawa meusi kama mchuzi wa maharage. Yaremis akatapika, akalala, na jioni mtoto akapiga teke tumboni. Wanawake wakalia kwa furaha, wale wale waliokuwa wamejificha chooni.

Asubuhi Hortensia alimpelekea Nereida kahawa, akaketi karibu naye.

"Pole, dada. Ulifanya lililokuwa lazima. Eliecer amepumzika."

Nereida akapuliza kahawa yake, akanywa kidogo.

"Jina zuri," akasema. "Mtoto wa nani?"