Daraja la Mgeni

Watu wa kitongoji cha Gisoro wanajua kupokea mgeni. Kwa hilo hakuna anayewashinda, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo. Mgeni akija, uwanja unafagiliwa. Kuku anakamatwa. Maharage yanaungwa kwa mawese. Mgeni akiuliza habari, anajibiwa kwamba habari ni njema, hata kama mwenye nyumba analala chini ya paa linalovuja. Kumweleza mgeni shida zako ni aibu. Ndivyo walivyolelewa.

Nduwayezu na mke wake Winifrida wanaishi hapo Gisoro. Wanalima maharage na mihogo, na wana migomba nyuma ya nyumba. Wazazi wa Nduwayezu walitoka Burundi wakiwa wakimbizi. Yeye alizaliwa huku, na leo familia nzima ni raia wa Tanzania. Nduwayezu ni fundi wa kila kitu. Anaezeka, anachonga mipini, anatengeneza viti. Ukimsifu, anatazama pembeni na kutabasamu.

Kati ya Gisoro na zahanati kuna mto mdogo unaoitwa Mgera. Wakati wa kiangazi watoto wanauruka huku wanacheka. Masika ni habari nyingine. Maji yanajaa, yanabeba magogo ya kuvukia, na Gisoro inabaki peke yake. Fidele, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa kando ya mto huo. Walishindwa kuvuka. Mvua ilimnyeshea mama, ikamnyeshea mtoto. Walipona wote wawili, lakini Winifrida hajasahau ile baridi. Na sasa alikuwa na mimba nyingine.

Siku moja, mwishoni mwa masika, Winifrida alikuwa uwanjani akichambua maharage. Jirani yake Zuhra alikuja kumsaidia. Zuhra anauza chumvi na sabuni, na bidhaa zake anazifuata Kasulu mjini. Pia wanakijiji walimchagua awe mjumbe wa halmashauri ya kijiji.

"Mama Fidele, mtoto tunamtarajia lini?" Zuhra aliuliza.

"Nesi amesema mwishoni mwa mwaka. Mvua zitakuwa zimeshachanganya." Winifrida alishusha ungo. "Dada Zuhra, safari hii naogopa. Nikikuta mto umejaa nitafanya nini? Nitazaa tena kwenye matope?"

"Kwani diwani wetu hajui habari za mto huu?"

"Anaujua. Si alikuja mwaka jana? Alivuka pale pale."

Zuhra aliacha kuchambua. "Alivuka juu ya nini?"

"Juu ya daraja la Baba Fidele."

Zuhra alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Sasa nimeelewa! Juzi nilikuwa kwenye mkutano wa kata. Mtu mmoja alimwuliza diwani kuhusu Gisoro. Diwani akasema, 'Gisoro wako vizuri. Wana daraja, nimelivuka mimi mwenyewe. Tena lina maua!'"

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kila kiongozi anapokuja Gisoro, wanaume hukata magogo mapya. Nduwayezu huyafunga vizuri na kuweka mianzi ya kushikia. Wanawake hupamba kwa maua na majani ya migomba. Kiongozi huvuka akipigiwa makofi. Mvua kubwa ikinyesha tu, kila kitu kinakwenda na maji. Kiongozi ameshaondoka, na kichwani ana daraja lenye maua. Nawapenda sana watu wa Gisoro, lakini kwa jambo hili walijichongea wenyewe.

Wakati Zuhra na Winifrida wanaongea, Nduwayezu alitokea na panga mkononi.

"Kesho naenda kukata magogo," alisema. "Diwani anakuja Jumamosi."

"Usikate," alisema Winifrida.

Nduwayezu alimtazama mkewe, akamtazama Zuhra. "Nisikate? Mheshimiwa avukie wapi?"

"Avukie tunapovukia sisi."

"Oya, hapana! Majini? Haiwezekani, Mama Fidele. Sisi wazazi wetu walipokelewa katika nchi hii. Leo tumlalamikie kiongozi? Watasema hatuna shukrani."

"Shemeji, kaa kwanza," Zuhra alisema. Nduwayezu alikaa, panga bado mkononi. "Wewe ni raia?"

"Ego, ndiyo. Ni raia."

"Ulipiga kura?"

"Nilipiga. Nilitangulia kwenye foleni."

"Basi diwani si mgeni wako. Ulimchagua akusemee kwenye halmashauri ya wilaya. Hiyo ndiyo kazi yake. Wewe unamfichia shida halafu unataka aiseme. Ataisemaje?"

Nduwayezu alitazama tumbo la mkewe, akalaza panga chini taratibu.

Kesho yake Zuhra alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Venanti, akamweleza. Mzee Venanti aliitisha mkutano wa kijiji. Zuhra aliwakumbusha watu kwamba kila mkazi mwenye umri wa miaka kumi na minane au zaidi ana haki ya kusema pale. Mwanamke ana haki hiyo. Aliyepata uraia ana haki hiyo pia. Winifrida alisimama, akaeleza habari ya mto. Watu walibishana sana. Wengine walisema watachekwa na kata nzima. Mwishowe wengi walinyoosha mikono: safari hii hakuna magogo. Mtendaji wa kijiji aliandika uamuzi huo kwenye muhtasari wa mkutano, pamoja na ombi la kujengewa kivuko.

Jumamosi ilifika. Diwani, Bi Mwanahawa, alishuka kwenye pikipiki ng'ambo ya mto. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye sauti inayosikika mbali. Wanakijiji walikuwa wamevuka kwa tabu kumlaki. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Jamani, daraja langu liko wapi?"

Mzee Venanti alikohoa. Watu walitazama chini. Winifrida ndiye aliyesogea mbele.

"Mheshimiwa, hapa hakuna daraja. Lile la mwaka jana tulilitengeneza kwa ajili yako tu. Ulipoondoka, lilisombwa na maji."

"Kwa ajili yangu?"

"Ego. Kwa heshima."

Bi Mwanahawa alishika kiuno. Kisha akavua viatu, akapandisha gauni lake. "Haya. Nionyesheni mnapovukia."

Winifrida alimshika mkono. Maji yalikuwa ya magotini, kisha ya mapajani. Katikati ya mto diwani alikanyaga jiwe lenye utelezi. Akakaa majini, mzima mzima.

"Mama we!" wanawake walipiga kelele. Nduwayezu alitamani ardhi ipasuke aingie. Lakini diwani alikuwa anacheka, amelowa mpaka kilemba.

"Mwaka jana niliwaambia wenzangu kwamba Gisoro wana daraja," alisema huku akiinuliwa. "Mmenifanya niseme uongo bila kujua! Mbona mlinificha?"

Ndipo Nduwayezu alipopiga hatua mbele. Yeye hapendi kusema mbele za watu. Alinyoosha kidole kuelekea ukingoni.

"Mheshimiwa, mwanangu alizaliwa pale. Pale kwenye nyasi. Mvua inanyesha. Mimi ni fundi, na sikuweza kumvusha mke wangu." Aliona aibu, lakini aliona pia kwamba mzigo umemtoka kifuani.

Bi Mwanahawa hakucheka tena. Alikaa kwenye jiwe, maji yakimchuruzika, akawasikiliza wote mpaka wakamaliza. Kisha akasema:

"Sikilizeni. Muhtasari wenu uletwe kata. Kamati ya maendeleo ya kata tutaujadili, kisha ombi litapanda halmashauri ya wilaya. Huko nitalisemea. Lakini siwaahidi daraja la magari, maana uwezo huo sina. Na nyinyi anzeni kukusanya mawe na mchanga. Nikisema wananchi wameshaanza, nitakuwa na nguvu ya kuomba."

Gisoro walianza Jumatatu. Nani hakubeba mawe? Hata wazee walikuja, wakakaa kivulini kusimamia, kazi ambayo hakuna aliyewapa.

Siku ya baraza la madiwani, Mzee Venanti na Zuhra walikwenda kusikiliza. Mwananchi anaruhusiwa kufanya hivyo. Bi Mwanahawa alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "niliwahi kuliambia baraza hili kwamba Gisoro wana daraja. Nilikosea. Nimeanguka kwenye mto ule mimi mwenyewe, na mnaniona nilivyo, si mtu wa kuangushwa na maji kidogo."

Ukumbi mzima ulicheka. Kisha akaeleza habari za wanawake wanaojifungulia ukingoni. Madiwani wengine nao walikuwa na mito yao na shule zao, na kila mmoja alivutia kwake. Hawakukubaliana siku hiyo. Bi Mwanahawa alirudi Gisoro akawaambia hivyo hivyo, bila kuficha: "Bado. Nitarudi tena kuwasemea." Na Zuhra kila alipokwenda mjini alipita kumwuliza amefikia wapi. Kuuliza hakulipiwi.

Mwaka mpya wa fedha ulipoanza, ombi lilipita. Mhandisi alikuja, akapima, akaona marundo ya mawe na kutikisa kichwa kwa furaha. Halmashauri ilileta saruji, nondo na mafundi. Wananchi walichimba, wakabeba maji, wakapika. Nduwayezu alifanya kazi na mafundi tangu mwanzo mpaka mwisho. Kabla mvua hazijaanza, kivuko cha waenda kwa miguu kilikuwa kimesimama juu ya Mgera, imara, chenye vyuma vya kushikia pande zote. Hakikupambwa hata kwa ua moja.

Desemba, mchana mmoja, mbingu zilifunguka. Winifrida alikuwa jikoni uchungu ulipomshika. Nduwayezu alichukua mwavuli na kikapu cha nguo, Zuhra akamshika Winifrida mkono. Walitembea polepole. Katikati ya kivuko uchungu ulizidi, Winifrida akasimama na kushika chuma kwa mikono miwili. Chini yake maji ya udongo yalikuwa yanapita kwa kishindo, yakibeba matawi. Aliyatazama mpaka uchungu ukapungua.

"Twendeni," alisema.

Nesi wa zahanati alifungua mlango, akashangaa.

"Nyinyi si wa Gisoro? Na mto ulivyojaa leo! Mmevukaje?"

"Kwa miguu," alijibu Winifrida. "Nipe kitanda."

Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya jioni. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na yeye alikuwa amelala ndani ya kitenge kikavu.