Ukurasa wa Nuria

Kila Jumamosi Atupele hufagia uwanja, huosha vyombo, kisha humwomba mama simu. Jumamosi hii alifagia kwa kulipua. Kaka yake, Lusajo, alikuwa ameitengenezea shule yao ya hapa Maili Moja tovuti. Kila mwanafunzi angeingia kwa namba na nywila yake, aone alama zake na maelezo ya mwalimu. Wazazi wachache walishaanza kuijaribu, na saa nane mchana Mwalimu Mkuu Kibwana angeizindua kwenye mkutano wa wazazi wote.

Atupele aliandika namba na nywila yake bila kukosea. Ukurasa ukafunguka, lakini jina la juu lilikuwa la Nuria, jirani yake na mwenzake wa dawati. Chini ya alama paliandikwa: "Ana ugonjwa wa damu wa selimundu. Asikimbizwe wakati wa michezo. Mzazi ameomba iwe siri."

Atupele aliona aibu, tena aibu kubwa. Ni yeye aliyembandika Nuria jina la Konokono kwa sababu hakimbii, na darasa zima likalidaka. Mchana huo darasa zima lingeweza kuijua siri yake. Aliogopa pia, maana nani angeamini kwamba hakuchungulia?

Alimkuta Lusajo akinyoosha shati la mkutano.

"Kaka, tovuti yako imenifungulia ukurasa wa mtu mwingine."

"Wa nani?"

"Sisemi. Ila si wangu."

"Usinitanie leo, Atupele. Umebahatisha nywila ya mtu."

"Sijabahatisha. Jaribu mwenyewe kabla wazazi hawajafika."

Lusajo aliguna, akafungua kompyuta. Aliingia kama mwanafunzi wa majaribio, kisha akaingia kwenye simu kama mwanafunzi mwingine. Simu ikamwonyesha ukurasa wa yule wa kwanza. Akachomoa pasi.

"Mtandao wetu unasuasua," alisema hatimaye. "Nilitaka kurasa zifunguke upesi, nikaipanga tovuti itunze nakala ya ukurasa uliotoka kufunguliwa. Kumbe inampa nakala hiyo hiyo yeyote anayefuata."

"Basi ifunge."

"Watu wameshaalikwa. Nitaonekana mjinga."

"Na mwenye ukurasa je?"

Lusajo alichukua simu, akampigia Mwalimu Kibwana. "Shikamoo, Mwalimu. Nimekosea mimi. Naomba tusizindue leo."

Tovuti ilifungwa papo hapo. Lusajo alifuta nakala zote, akaipanga upya ili nakala ya ukurasa wa mtu asipewe mwingine, akaijaribu mara nyingi. Atupele alimwambia Mwalimu Kibwana peke yake ukurasa ulikuwa wa nani, naye akamwomba radhi mama yake Nuria. Jumatatu akawaita ndugu wale ofisini.

"Mgeni akibisha hodi kwako, humkaribishi chumbani kwa jirani," alimwambia Lusajo. "Haraka yako ingemuumiza mtoto wa watu." Akamgeukia Atupele. "Nawe mwanangu, ukikuta mlango wa mtu uko wazi, usichungulie wala usitangaze. Mwambie anayeweza kuufunga, kama ulivyofanya."

Kipindi cha michezo, mtu aliita uwanjani, "Konokono, huji?"

"Anaitwa Nuria," alisema Atupele, akaenda kuketi naye kivulini. Nuria alimtazama kidogo, kisha akasogea kumpa nafasi.