Kila Alichokitazama

Kipalizi, mtambo mdogo wa kung'oa magugu, kilisimama ghafla kando ya ukuta wa zahanati, kikakunja miguu yake sita na kushusha vidole viwili vyembamba. Kiling'oa mche mdogo pamoja na mzizi wake wote, taratibu, kama mama anayemtoa mtoto mwiba. Kikausaga, kikamwaga unga wake juu ya Zulia, kikaendelea na safari yake. Kazi yote haikufika nusu dakika.

Zulia ndilo lililoiokoa Dodoma na vumbi. Lilikuwa mmea uliotengenezwa maabara, mfupi, wa kijani kimoja, ukafunika kila uwanja na kila kichochoro, na watu wakaacha kukohoa. Lakini Zulia halikuvumilia jirani. Kwa hiyo mimea mingine yote iliandikwa kwenye mitambo kwa jina moja tu, "mgeni", hata ile iliyokuwa ikiota Ugogo kabla hajawapo mtu wa kuipa jina.

Mhandisi Sechelela Chalula alikuwa mwalimu wa vipalizi. Ugonjwa wa vikope ulimpofusha akiwa na miaka ishirini, na Mamlaka ya Zulia ikampandikizia macho-darasa. Mmea wowote ambao macho hayo yaliukazia kwa muda, vipalizi vyote vya jiji vilijifunza kuutambua na kuutafuta. Kazini alionyeshwa picha za wageni, akazikazia, jioni akaenda zake nyumbani. Aliamini kwamba akishatoka getini darasa limefungwa. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, naye hakuuliza; mtu aliyerudishiwa macho haulizi sana.

Kisha akaanza kusoma karatasi zilizobandikwa kila Jumatatu kwenye kioski cha maji. Zilikuwa za mwandiko wa mkono, na aliyeziandika ni Bi. Mbeleje, mpishi wa zahanati.

"Mbigili umetoa ua moja la njano nyuma ya jiko," ilisema ya kwanza. "Limefunguka asubuhi, saa sita limefumba. Nimelitazama mpaka nikaunguza uji wa wagonjwa, na sijutii."

Sechelela alicheka peke yake, kisha akaenda kulitafuta ua lile akapiga magoti. Hakuwahi kujua kwamba kitu kidogo kiasi kile kinaweza kumfurahisha mtu hivyo. Akamtafuta na mwandishi mwenyewe. Wakazoeana, na kila Jumamosi wakawa wanazunguka pamoja wakichungulia nyufa za kuta.

Jumamosi moja Bi. Mbeleje alimpeleka nyuma ya tangi bovu la maji. Palikuwa na mgagani mmoja, wenye maua meupe na maganda membamba yaliyoanza kujaa.

"Mbukwa, mkubwa," Bi. Mbeleje aliusalimu mmea kwa Kigogo, bila aibu. "Mama yangu alinikuza kwa mboga hii, mwanangu. Sijaona mwingine mwaka wa tisa huu. Maganda yakikauka, siku kumi tu, nitakuwa na mbegu za kumpa kila anayetaka."

"Na vipalizi je?"

"Huku havijawahi kupita. Havijui kama upo."

Sechelela aliinama, akautazama kwa muda mrefu sana.

Siku ya tatu, nyuma ya tangi palikuwa na unga tu.

Aliporudi kazini alifungua kumbukumbu za mafunzo. Mgagani ulikuwa juu kabisa, na siku, na saa, na jina la mwalimu: Chalula. Chini yake ulikuwa mtunguja waliouchungulia stendi. Chini yake mbigili wa jikoni. Kila alichokipenda kilikuwa kwenye orodha ile, pamoja na saa kilipong'olewa. Aliona haya kabla hata ya kuona uchungu.

Jumamosi alikwenda zahanati amejifunga kitenge machoni, akipapasa ukuta.

"Jamani! Vikope vimekurudia?" Bi. Mbeleje alimkimbilia.

"Hapana, mama. Ni mimi niliyeung'oa mgagani. Ninachokitazama, vipalizi vinakijua. Macho haya hayafungi kazi."

Bi. Mbeleje aliuachia mkono wake.

"Mbegu zangu," alisema. "Unacheka na mimi, unanishika bega, kumbe unazisaga."

"Sikujua, mama."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana."

Ndani mgonjwa mmoja alikuwa akiita maji.

"Upo mwingine?" Sechelela aliuliza, na papo hapo akajuta.

"Nenda nyumbani, Sechelela."

Alisikia kandambili zikiondoka, kisha mlango wa jiko ukifungwa. Alibaki ameegemea ukuta. Upepo ulipogeuka, harufu kali ya mgagani ikamfikia, mbichi, karibu kabisa, upande wake wa kushoto. Kitenge kilikuwa kimelegea. Kidole kimoja kingetosha kukiinua. Akakaza fundo, akageukia kulia, akaanza kupapasa njia ya kurudi.