Kisu Kinashika, Lakini Hakikati

Kila asubuhi Oliva hukaanga kambale mbele ya nyumba yake, pale Ifakara mjini. Samaki huletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Lupiro. Wengine hufika bado wanachezesha midomo. Oliva huwapaka majivu ili wasimteleze mkononi. Kisha huwapasua, huwakata vipande na kuwatia chumvi. Wateja wake ni wengi, wana haraka, na wana maneno!

Lakini asubuhi hii beseni lilijaa samaki na jiko halijawashwa. Oliva alikaa kwenye kigoda, anakitazama kisu. Kisu kilikuwa juu ya kibao. Mikono yake ameificha ndani ya kitenge.

Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa mno.

Wiki tano zilizopita kisu hichohicho kilimkata. Siku hiyo kilikuwa kimenolewa, lakini kilikataa kuingia kwenye ngozi ya kambale. Oliva akakandamiza. Kisu kikateleza, kikazama kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Damu ikachuruzika mpaka ndani ya beseni. Kwenye zahanati walimsafisha kidonda, wakamshona nyuzi saba, wakamchoma sindano ya kuzuia pepopunda.

"Una bahati, dada," mganga alimwambia. "Kingeingia kidogo tu zaidi, kingekata kano zinazokunja vidole. Mkono huu usingefumba tena."

Maneno hayo yalimganda kichwani. Mkono usiofumba utamshikaje samaki? Utambebaje mtoto? Tangu siku ile Oliva alikuwa akifumba na kufumbua vidole vyake hata akiwa kanisani. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kwenye samaki.

Mumewe, Fulgensi, akatoka ndani na kinoo, lile jiwe lao la kunolea.

"Mama Beno, usiwe na wasiwasi," alisema. "Leo nakinoa mpaka kilie."

Akakinoa upande mmoja kwa nguvu zote, kwii, kwii, kwii. Upande wa pili akagusa mara mbili tatu, basi. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye makali. Oliva akafumba macho.

"Kinashika!" Fulgensi akasema kwa furaha. "Haya, kamata."

Watu wengi husema hivyo. Kisu kikikwaruza kidole, wanasema kinashika. Kikishika, basi ni kikali. Nani anauliza zaidi?

"Hata siku ile ulisema kinashika," Oliva akasema polepole.

Fulgensi akakirudisha kisu juu ya kibao.

Oliva akakichukua kisu. Akakiweka kwenye shingo ya kambale, akavuta. Kikakwaruza tu. Akakandamiza kidogo. Kisu kikachomoka, kikagonga kibao, kaa!

"Yesu na Maria!" Oliva akakitupa, akaruka nyuma. Akavihesabu vidole. Vilikuwa vitano. Machozi yakamtoka. "Siwezi, Baba Beno. Siwezi tena kazi hii."

Wakati huo jirani yao, Mama Dorika, alikuwa anaingia na bakuli lake. Mama huyu alikuwa mpishi miaka mingi kwenye kambi ya wakata miwa kule Kidatu. Visu vyote vya jiko lile alivinoa yeye.

"Shikamoo, Mama Dorika," Oliva akamwamkia huku anajifuta machozi.

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni? Nimekuja kununua samaki, nakuta matanga!"

Wakamweleza. Mama Dorika akakiokota kisu, akakiosha, akayaelekeza makali kwenye jua.

"Njooni mtazame. Mnauona huu mstari mweupe unaong'aa?"

"Tunauona."

"Panapong'aa ni butu. Makali ya kweli ni membamba, hayang'ai."

"Lakini mama, kinashika!" Fulgensi akabisha.

"Kinashika, sikatai. Umekinoa upande mmoja, na chuma chembamba kimejikunja upande wa pili. Hicho ndicho kinachokwaruza kidole chako. Kinashika, lakini hakikati. Na siku kitakapokuwa kikali kweli, kidole kitachanika. Sasa hapo umepima nini, baba?"

Fulgensi akakiangalia kidole gumba chake. Kilikuwa na makovu matatu.

Mama Dorika akalowesha kinoo. Akakilaza kisu, mgongo wake ameuinua kidogo tu. Akanoa upande huu, akanoa na upande ule, sawasawa. Mwishoni akapitisha polepole, mara moja huku, mara moja kule, bila kukandamiza.

"Hapo unaondoa ule mkunjo," alisema. "Sasa tupime. Nipe gazeti lako la kufungia samaki."

Akashika karatasi moja kwa juu, akaiacha ining'inie. Akaweka kisu kwenye ukingo wake, mbali na vidole, akavuta kwenda chini. Karatasi ikakatika, halafu ikakwama na kuchanika.

"Mmeona? Pale kilipokwama, bado. Tunarudia palepale."

Akanoa tena, akakifuta, akapima tena. Safari hii kisu kilipita tangu mpinini hadi nchani. Kilikata moja kwa moja, taratibu.

"Huna gazeti? Tumia nyanya iliyoiva. Osha kisu, kiweke juu ya nyanya, kivute bila kukandamiza. Kikiingia chenyewe, kiko tayari. Haya, Oliva. Zamu yako."

Oliva akarudi nyuma. "Mama, kikali hivyo si ndiyo kitanimaliza?"

"Mwanangu, kisu butu unakilazimisha. Ukikilazimisha, hujui kitakwenda wapi. Kikali kinakwenda unakokipeleka. Kwa hiyo kipeleke vizuri. Kunja ncha za vidole, wala usiwe na haraka."

Oliva akakaa. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Akampaka kambale majivu, akakunja vidole, akavuta. Kisu kikaingia kwenye ngozi bila ubishi. Akavuta tena, kipande kikadondoka.

"Haa!" akasema. Akacheka na kulia kwa pamoja.

Mama Dorika alipoondoka na samaki wake, Fulgensi akachuchumaa karibu na mkewe.

"Mama Beno," alisema kwa sauti ndogo, "kisu cha siku ile nilikupa mimi. Tangu hapo kila nikikiona, mwenzio roho haiko mahali pake. Niliogopa kukwambia."

Oliva akachukua samaki mwingine. "Nilijua," akasema. "Washa jiko, wateja wanakuja."

Siku hizi Fulgensi hampi mkewe kisu mpaka amekata karatasi mbele yake. Kidole chake cha gumba kimepumzika. Moyo wa Oliva bado humdunda anapomkata samaki wa kwanza. Kwa samaki wa pili huwa umetulia.